Taa Nyepesi ya Usiku wa Sinema

Kitambaa kilikuwa kimoja. Hilo Amisa hakulikataa. Jora lilelile la bluu lenye ndege weupe, limenunuliwa duka lilelile la Mreno, likakatwa na mkono uleule wa Lukumani, mume wao, fundi wa cherehani katika mtaa wa Waislamu pale Kasongo. Nusu kwa mke mkubwa, nusu kwa mke mdogo, kama dini inavyotaka. Lakini mikono! Mikono ya blauzi ya Amisa ilishuka moja kwa moja kama mabomba, ikakoma kwenye kiwiko bila kusema neno. Mikono ya Mwanvua ilivimba begani, ikakunjwakunjwa, ikasimama juu kama kitu kinachotaka kuruka. Nguo zote mbili zilipokuwa kwenye kamba na mtu hayupo uani, Amisa aliishusha ile ya mwenzake, akaitandaza pajani, akaipima kwa shibiri. Akaipima tena, kwa sababu mara ya kwanza hasira ilikuwa imemfupisha vidole.

"Ni modeli, Mama Feza," Lukumani alimwambia alipoulizwa. "Modeli mupya. Inatoka Bukavu."

"Na yangu inatoka wapi? Kwa marehemu?"

Lukumani aliinama juu ya cherehani yake, akatia uzi kwenye sindano iliyokuwa tayari na uzi.

Wivu wa Amisa haukuwa wa kupiga kelele. Ungekuwa hivyo, majirani wangeusuluhisha zamani, wakala wali, wakaenda zao. Wake ulikuwa wa kuhesabu. Alijua Lukumani anakohoa namna gani akipita mlangoni kwake, na anakohoa namna gani akienda kwa mwenzake: kikohozi cha kule kilikuwa cha kijana. Alijua kwamba usiku wa zamu ya Mwanvua, kicheko kinapita ukutani, na usiku wa zamu yake kinachopita ukutani ni mkoromo. Alijua kwamba Mwanvua, ambaye hajazaa bado, anamwita mume "Baba Feza." Feza! Mtoto aliyemtoka Amisa mwenyewe tumboni kwa taabu ya siku nzima, sasa yuko kwa mume wake kule Kabambare, na jina lake linatafunwa na msichana wa kijiji cha Wamaza kila asubuhi kama muwa.

Na juu ya yote, kulikuwa na lile neno.

Serikali ya Wabeleji ilikuwa imekataza mtu wa senta, yaani mji ulioandikwa na kupangwa kwa mistari, asikae na wake wawili. Ukikamatwa, mke wa pili anarudishwa kwao, na wewe mwenyewe unaweza kunyang'anywa kiwanja. Watu wa Kasongo hawakubishana na serikali. Waliitikia ndiyo, halafu wakatafuta njia. Basi tangu Mwanvua ashuke kwenye kamio, lile lori la mchele, na kikapu chake, mtaa mzima ulisema ni mdogo wake Amisa. Imamu alisema. Muuza nyama alisema. Mama Léontine, jirani Mkristo, mke wa karani, ambaye aliapa hasemi uwongo, alisema bila kumeza mate. Mtu mmoja tu katika mtaa ule hakulisema hata siku moja, naye ni Amisa. Akiulizwa, "Huyu nani?" alijibu, "Iko anakaa hapa."

Sasa ilikuwa sikukuu kubwa ya Wabeleji, katikati ya kiangazi, na serikali imeleta kamio la sinema. Asubuhi watoto wa misheni walipiga matarumbeta. Mchana kulikuwa na mbio za baiskeli. Jioni, kwenye uwanja wa katikati ya mji, picha zitatembea juu ya shuka. Na shuka lenyewe nani alilishona? Lukumani. Alikuwa ameunganisha mashuka ya hospitali yakawa moja, kubwa kama ukuta, na Bwana wa serikali alimwagiza asimame hapo jioni nzima kuangalia kamba zisilegee. Tangu apewe kazi hiyo alitembea kama mtu aliyeitengeneza sinema yenyewe.

Alipomaliza sala ya alasiri aliwaita wake zake ukumbini. Mama Léontine alikuwepo pia, amekuja kuomba chumvi na kusikia mambo.

"Miye siwezi kutembea na mutu," Lukumani akasema. "Nitakuwa kazini, na macho ya wazungu yatakuwa juu yangu. Munaenda wanawake pamoja. Tarumbeta ya polisi ikilia, mutu asionekane njiani bila taa inayowaka. Leo wameruhusu watu mpaka sinema iishe, lakini taa, taa, taa! Mukipita mbele ya baa, hamusimami. Makamio ya mgodi yameshuka toka Salamabila, yamejaa wanaume, na wanaume wale wamelipwa. Mutu akikupa kinywaji, sema umefunga."

"Na mwezi wa Ramadhani umepita?" Mama Léontine akauliza.

"Sema unafunga deni. Na polisi akiuliza..." Lukumani akamtazama Amisa. "Polisi akiuliza, unasema nini, Mama Feza?"

Amisa akampimia Mama Léontine chumvi yake.

"Iko polisi mupya, Michel, kijana wa Kilega. Hatumujui bado, hatujala naye chumvi. Akiuliza, unasema: Huyu ni mudogo wangu. Sema kidogo, nisikie."

"Kichwa kinaniuma," Amisa akasema.

"Si hivyo! Ni: Huyu ni—"

"Baba Feza, nimekuambia kichwa kinaniuma. Siendi sinema. Waende wao."

Mama Léontine akacheka chini ya mkono. "Kichwa hicho, mama, kimevaa mikono iliyonyooka ao iliyovimba?"

Mwanvua hakucheka. Aliinua macho, akayashusha. Alikuwa msichana mrefu, mwenye shingo ya kutazamwa, na kila alichofanya alikifanya polepole, jambo ambalo Amisa aliliita uvivu na Lukumani aliliita adabu. "Basi na miye ninabaki, yaya," akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita Amisa tangu siku ya kwanza: yaya, dada mkubwa. Hakuna aliyemlazimisha.

"Enda," Amisa akasema. "Nguo imeshonwa ionekane."

Mafuta ya taa yalikuwa chini ya mke mkubwa. Ndivyo ilivyo katika nyumba za watu: mkubwa ndiye anayegawa chumvi, sabuni na mafuta, na kile alichogawa hakipimwi mbele yake. Akikupa taa, unaipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakwenda. Kuitikisa taa sikioni ili usikie kama imejaa ni kumwambia mwenye nyumba: wewe mwizi.

Amisa aliinama gizani chumbani na dumu la mafuta. Akafungua tumbo la taa. Akamimina kidogo. Akasimamisha dumu.

Nje alisikia Mwanvua anamwuliza Mama Léontine kama mikono imekaa sawa. "Imekaa kama malkia," Mama Léontine akajibu. "Pinduka tena. Ee, mama! Fundi alipenda kazi yake."

Fundi alipenda kazi yake. Amisa akafunga tumbo la taa.

Hakumwambia mtu, hata yeye mwenyewe hakujiambia kwa maneno kamili. Jambo lilipita kichwani kama panya, unaona mkia tu. Taa itazimika njiani. Polisi mpya atauliza: mke wa nani? Msichana wa Wamaza hajui kudanganya. Kesho kamio, kikapu, kwaheri. Na mkono wa Amisa utakuwa haumo kabisa. Nani amewahi kufungwa kwa sababu hakumimina?

Alitoka, akampa taa. Mwanvua aliipokea kwa mikono miwili. Mikono ile ikasimama kidogo hewani, mara moja, kama ya mtu aliyejiandaa kubeba kizito akapewa kikapu kitupu. Akamtazama Amisa. Amisa akatazama kuku.

"Aksanti, yaya," Mwanvua akasema, akaenda.

Ukimya wa nyumba ambamo wengine wameenda kustarehe ni ukimya mbaya. Una masikio. Giza lilipoingia, Amisa aliketi kizingitini na kibatari kidogo cha bati, akasikia uwanja mzima unacheka. Kicheko kilitoka mbali, kikapita juu ya mapaa, kikaja kukaa naye. Na ndani ya kicheko kile cha mji mzima, Amisa, kwa masikio yake yaliyofunzwa na ukuta, alisikia kicheko kimoja.

Sasa yuko nyuma ya shuka, akawaza. Lukumani ameshika kamba kwa mkono mmoja tu. Mkono mwingine uko wapi? "Baba Feza, hizo picha zinatembeaje?" "Sogea nikuonyeshe." Na Mama Léontine anatazama pembeni, na kesho atasema hakuona kitu, na itakuwa kweli, kwa sababu alitazama pembeni!

Kama unadhani ni huruma iliyomtoa Amisa nyumbani usiku ule, unamsifu bure. Huruma ilikuwa bado haijaamka. Wivu ndio uliomvalisha blauzi ya mabomba, ukamtia kibatari mkononi, ukamtoa. Na kwa kuwa alitaka kuwafumania, hakupita njia kubwa ya taa na watu. Alipita njia ya nyuma, kati ya mihogo na vyoo, mkono ameukinga juu ya mwali kama anayeficha kifaranga.

Alitokea upande wa nyuma wa uwanja. Kule walikaa wale waliochelewa, wanatazama sinema kinyume, watu wa kwenye picha wote wakiandika kwa mkono wa kushoto. Amisa hakutazama sinema. Alitafuta nguzo. Kwenye nguzo aliona Lukumani, amesimama wima kama askari, mikono yote miwili kwenye kamba, jasho linamtoka, macho kwenye fundo. Peke yake. Hakuna shingo ndefu. Hakuna ndege weupe.

Ungedhani Amisa angefurahi. Alisimama pale kama mtu aliyekuja na fimbo akakuta nyoka ni kamba. Ndipo alipomwona Mama Léontine kwenye mkeka na watoto wake, anatafuna karanga.

"He! Mama Feza! Kichwa kimepona?"

"Mwanvua iko wapi?"

Mama Léontine akaacha kutafuna. "Hamukukutana? Taa yake ilikufa. Watoto walituchelewesha kwangu mpaka sinema ikaanza, na taa inawaka bure. Hatukufika hata kwenye ghala la pamba, ikapiga kikohozi, ikafa. Nilimwambia, twende na ya kwangu, itatutosha. Akasema hapana, tukirudi tutagawanyika kwenye njia panda, na polisi wamekataza. Akasema, 'Ninarudi mbio kwa yaya anitilie mafuta.' Tarumbeta ilikuwa haijalia bado. Si amefika?"

Amisa alitazama kule inakotokea njia kubwa.

"Mama Feza? Wewe umepita njia gani?"

Amisa alikuwa amekwisha kugeuka.

Safari hii alipita njia kubwa, na alipita mbio kadiri kibatari kilivyoruhusu. Mwanvua alirudi nyumbani kuomba mafuta. Alirudi kwa yule aliyemnyima. Na yule aliyemnyima alikuwa kwenye mihogo, ananyemelea. Aligonga, hakuitikiwa. Akafanya nini? Akarudi tena njiani, gizani, kumfuata Mama Léontine. Na tarumbeta ililia. Amisa aliisikia yeye mwenyewe, alipokuwa anapita nyuma ya vyoo, akaidharau.

Mbele ya baa kulikuwa na makamio mawili ya mgodi, na taa ya karabai inayonguruma mlangoni, na gramafoni. Kando kidogo, pale mwanga wa karabai unapochoka, kulikuwa na duara la watu. Amisa aliona kofia ya polisi. Kisha akaona ndege weupe.

Mwanvua alikuwa amesimama katikati, ameikumbatia taa iliyokufa kwa mikono miwili. Mkono mmoja wa blauzi, ule wa kulia, ulikuwa umeng'oka begani na kuning'inia. Mwanamume mmoja, mnene, wa kamio, alikuwa bado anacheka.

"Polisi, usijisumbue! Huyu miye nitamulikia njia. Niko na tochi."

"Nyamaza," polisi Michel akasema. Alikuwa kijana kweli, kaptula imepigwa pasi, sauti anaizamisha ili iwe ya mtu mzima. "Mama, ninauliza mara ya mwisho. Tarumbeta imelia. Huna taa. Uko peke yako mbele ya baa. Wewe bibi ya nani?"

"Si bibi ya mutu," Mwanvua akasema.

"Ni malaya, basi!" yule mnene akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

"Niko mudogo wa Mama Feza. Wa kwa fundi Lukumani."

"Na Mama Feza iko wapi? Kwa nini anakuacha unatembea na taa bila mafuta?"

Amisa alikuwa amesimama nyuma ya kamio, kiganja juu ya mwali. Hakuna aliyemwona. Hapo sasa, ndugu yangu, jambo lililokuwa linapita kichwani kama panya lilisimama likamtazama usoni. Hakuhitaji kufanya kitu. Arudi tu nyumbani, alale. Kesho waje wamwulize, aseme alivyosema siku zote: iko anakaa hapa. Nyumba itakuwa yake tena, na kikohozi, na jina la mtoto wake. Na Lukumani? Kiwanja? Hata hilo alilipima, na wivu ukamjibu upesi upesi: atalia siku mbili, atasamehewa, ni fundi wao wa mashuka.

Alisimama. Si kidogo.

"Taa," Mwanvua akasema, "taa ni kosa langu. Yaya aliijaza. Miye nimeimwaga njiani."

Amisa hakujua ni kitu gani kilichomsukuma. Hakikuwa upendo, tusimpambe. Labda ilikuwa ni hasira: kwamba msichana huyu, ambaye mikono yake ilipokea taa nyepesi ikajua, bado ana wema wa kumpita. Hata katika wema amshinde? Aliondoa kiganja kwenye mwali, akatoka nyuma ya kamio, na sauti iliyomtoka ilinyamazisha hata gramafoni.

"Mwanvua!"

Duara likafunguka.

"Weye! Weye mutoto weye! Nimekutafuta mpaka miguu inawaka, na weye unasimama hapa unaonyesha wanaume shingo? Nani alikutuma kurudi peke yako? Nani?"

"Yaya—"

"Usiniite yaya! Tangu ufike kwangu nimeona amani gani? Unakunja mashuka kama unakunja majani ya muhogo! Unapika, chumvi unaweka baadaye! Unacheka usiku mpaka ukuta unatikisika, unacheka na... na..." Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Mwanvua akafumba macho. Amisa akalimeza, likashuka kama mfupa. "Unacheka na ukuta! Peke yako, kama mwenye shetani! Watu hawalali! Na mutoto wangu Feza, jina lake unalitaja asubuhi mpaka jioni kama umemuzaa weye!"

Polisi Michel alirudi nyuma hatua moja. "Mama, huyu ni nani wako?"

"Ni nani wangu? Huoni? Mutu wa mbali ningemupigia kelele hivi? Ningepoteza mate? Ni mudogo wangu! Mudogo wangu, Mungu amenipa, sikumuomba!"

Sasa watu wakacheka kicheko kingine, na wanawake wawili waliokuwa mlangoni mwa baa wakasema, "Kweli, huyo ni dada." Lakini Mwanvua alikuwa amefumbua macho, na machozi yakaanza kumtoka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile alijibu.

"Na weye! Siku gani uliniita mudogo wako? Leo, mbele ya polisi! Nikikusalimia unasalimia kuku! Nikiugua unasema ni uvivu! Na taa, yaya? Taa ulinipa namna gani?"

Michel akamtazama Amisa. "Amesema ameimwaga."

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Hakumwaga," Amisa akasema. "Nilimupa nyepesi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mikono."

"Mikono gani?"

"Ya blauzi! Tazama, polisi, una macho. Kitambaa kimoja. Miye nimepewa mabomba, yeye amepewa mabawa. Ungekuwa weye ungejaza?"

Michel alijaribu kuweka uso wa kazi. Uso ukakataa. Alicheka mpaka akashika kofia. "Mama," akasema, "kwetu dada zangu wawili walipigania kitambaa cha kichwa mpaka mumoja akamuuma mwenzake sikio. Wameolewa wote, bado hawaachi. Enda na mudogo wako. Lakini taa kama hii tena, ninawafunga wote wawili chumba kimoja."

Yule mnene alitaka kusema kitu. Amisa akamwinulia kibatari usoni, akamtazama vizuri, kama anayekariri. "Na huyu, polisi, amemuchania nguo. Weye simama hapa na yeye mpaka utuone tumepinda kwenye msikiti. Usitoke."

"Ndiyo, mama," polisi akasema, kama amesahau ni nani aliyevaa kofia.

Wakaenda. Amisa alimshika Mwanvua mkono, akamshika kwa nguvu kama anayepeleka mbuzi sokoni, mpaka uani.

Ndani, Amisa alipasha maji, akatia chumvi, akamkanda lile bega lililoanza kuvimba. Mwanvua alikaa ametazama ukuta.

"Ilikuwa nyepesi tangu mlangoni," akasema.

"Ninajua kwamba ulijua."

"Niliichukua nikasema, sasa hivi ataniita nirudi. Nilitembea polepole mpaka njiani."

Amisa akakamua kitambaa.

"Yaya, ulikuwa umesimama wapi, wakati aliponiuliza niko bibi ya nani?"

Lingekuwepo jibu zuri, Amisa angelitoa. "Nyuma ya kamio."

"Tangu lini?"

"Tangu mapema."

Mwanvua akaitikia kwa kichwa, polepole kama kawaida yake. Akavuta kikapu chake toka chini ya kitanda, akaanza kutia nguo. "Kamio la mchele linaenda Kabambare kesho asubuhi. Nitashukia Wamaza. Baba Feza nitamuambia mama yangu anaugua. Sitamuambia ingine."

Basi kile alichokitamani misimu miwili kilikuwa kinafungwa mbele ya macho yake, na mwenye kukifunga hakumdai hata aibu. Amisa alisimama na bakuli la maji ya chumvi. Alitafuta furaha, akaitafuta kila pembe, kama anayetafuta sindano.

"Huwezi kwenda," akasema.

"Kwa nini?"

"Polisi. Nimesema mbele ya watu uko mudogo wangu. Kesho akipita na hakuoni, atasema nimemudanganya."

"Utamuambia nimeenda kusalimia mama."

"Mama yetu," Amisa akasema, kwa ukali. "Si nimesema tuko ndugu? Itakuwa mama yetu. Na ikiwa mama yetu anaugua, kwa nini miye siendi?"

Mwanvua alimtazama. Akaendelea kukunja.

Lukumani alirudi anaimba. "Muliliona shuka langu? Halikutikisika! Ata Bwana mwenyewe amenipa mukono!" Alipoona nyuso akasimama. "Iko nini?"

"Kichwa," Amisa akasema.

"Kichwa," Mwanvua akasema.

Ilikuwa zamu ya Mwanvua. Lukumani akakohoa kile kikohozi cha kijana. Milango yote miwili ikafungwa, na fundi wa sinema akalala juu ya meza ya kazi, kati ya vipande vya vitambaa, bila kujua amekosea wapi.

Asubuhi kamio la mchele lilikuwa linapiga honi kule sokoni. Lukumani alikuwa ameketi kwenye meza yake, anajikanda shingo. Amisa alikuwa anafagia ua. Sehemu moja aliifagia mpaka udongo ukaanza kulalamika. Mlango wa Mwanvua ulikuwa umesimama nusu wazi, na kupitia hapo alimwona ameketi kitandani, kikapu magotini, kimefungwa kamba.

Polisi Michel akapita, zamu imeisha, usingizi machoni. Akasimama kwenye uzio.

"Jambo, mama! Mudogo wako amelala muzuri?"

Lukumani akashika ukingo wa meza. Mtaa mzima, Mama Léontine akiwa wa kwanza, ulisimamisha mifagio yake.

"Mudogo wangu amelala muzuri," Amisa akasema, kwa sauti ya kufika mpaka ndani ya nyumba. "Iko jikoni. Anatupikia chai."

"Muzuri," polisi akasema. Lakini hakuondoka, alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Alifunga kimoja, akakiona kingine nacho kimelegea.

Honi ikalia tena sokoni. Amisa aliegemea fagio. Hakugeuka kutazama mlango. Alikuwa amesema neno lake mara mbili sasa, na mara hii hakuna mtu aliyekuwa amemshika koo. Lililobaki halikuwa lake kulisema.

Kiatu cha pili kikafungwa. Michel akanyoosha mgongo.

Ndipo sufuria ikalia jikoni, kishindo cha mtu aliyeiweka juu ya mafiga bila kupenda kelele wala kuziogopa. Moshi ukaanza kutoka. Polisi akagusa kofia, akaenda zake. Kamio likanguruma, likashika njia ya Kabambare, na mtaa ukarudi kufagia.

Na Lukumani, aliyekuwa hajaelewa hata nusu ya jambo, alisikia ile sufuria akainuka toka mezani, shingo imepona ghafla, uso wote umefunguka, akaelekea jikoni. Amisa akamwona. Kile kitu kikambana palepale kinapobana siku zote, chini kidogo ya ziwa la kushoto, kwa nguvu ileile.

"Baba Feza," akasema, "rudi ukae. Acha mutoto apike."

Akaweka fagio ukutani, akaenda yeye mwenyewe jikoni kumsaidia kuchochea moto.